Unakwenda Likizo? Fikiri Maji ya Siku ya Tatu



Karatasi ya likizo, au konje kama tunavyosema kambini, umeishika mkononi. Mshahara umepokea, tikiti za treni umenunua, vitenge vya mama mkwe vimo ndani ya sanduku. Mama amekaanga samaki na kutayarisha mikate ya njiani. Watoto hawalali kwa furaha. Mimi, msaidizi wa mganga katika dispansari ya kompani, nakuuliza swali moja tu: siku ya tatu ya safari mtakunywa maji gani?

Siulizi siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu ana maji ya nyumbani. Nauliza siku ya tatu, treni inaposimama porini, jua linawaka, bidoni ni tupu, na mtoto analia kiu.

Kila mwaka, watu wanaporudi kutoka likizo, viti vya dispansari yetu vinajaa. Baba anashika tumbo, mama anabeba mtoto aliyelegea. Tunawauliza: «Maji mlichemsha?» Karibu wote wanajibu: «Nyumbani tunachemsha siku zote.» Nao hawasemi uongo. Nyumbani kuna mbabula, kuna makala, kuna sufuria yenye kifuniko. Ugonjwa haukuwakuta nyumbani. Uliwakuta mahali bidoni ilipokwisha.

Yaliyonipata mimi mwenyewe

Usifikiri nakufundisha kutoka juu. Kosa hili nimelifanya mimi, mtu wa dawa, na nitakueleza kusudi usilirudie.

Miaka michache iliyopita nilipeleka jamaa yangu likizo upande wa Kabalo, kwa wazazi wa bibi yangu. Tulikuwa watu watano. Nilichemsha maji usiku kucha, nikajaza bidoni moja ya lita 20, nikaifunga vizuri. Nilijisifu mbele ya majirani kwamba mimi najua kusafiri.

Siku ya kwanza tulikunywa bila kupima. Tulinawisha watoto, tukaosha vikombe, tukampa na jirani wa benchi. Tulipita Bukama, tukaangalia Lualaba na wavuvi wake. Siku ya pili, mbele kidogo ya Kamina, treni ikasimama. Ikasimama usiku huo, na mchana wake, na usiku tena. Asubuhi ya siku ya tatu niliinamisha bidoni, likatoka funda moja tu.

Tulipofika kwenye kituo kidogo, vijana walikuja madirishani wakiuza maji ndani ya vifuko vya plastiki, baridi kabisa, na barafu ndani. Mtoto wetu wa miaka 4 alinyoosha mkono. Nilijua kwamba sijui maji yale yalichotwa wapi. Lakini yalikuwa meupe, yalikuwa baridi, na mtoto alikuwa akilia. Nikalipa. Baridi ile ilinidanganya.

Usiku uliofuata mtoto alianza kuhara. Mara ya kwanza, mara ya tatu, mara ya sita. Macho yakaanza kuingia ndani. Katika sanduku langu kulikuwa viatu vipya, redio na vitenge, lakini hakukuwa hata pakiti moja ya dawa ya kuhara.

Mbele yetu alikaa mama mmoja mchuuzi wa samaki, mtu wa kusafiri kila mwezi. Aliniangalia, akaniuliza: «Baba, wewe si ndiye uliyesema ni mganga?» Nikaona haya. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge vidogo vya kusafisha maji. Alitia kimoja ndani ya bidoni yake aliyoijaza kituoni, akanionyesha saa: ngoja nusu saa. Kisha akanipa sukari na chumvi. Akasema: «Wewe unabeba maji mazito sawa na mawe, yanakwisha. Mimi nabeba dawa ya maji. Maji yenyewe nayakuta njiani.»

Tulimnywesha mtoto kwa kijiko mpaka asubuhi. Alipona. Lakini maneno ya mama yule sijayasahau, na ndiyo habari yote ya ukurasa huu: usibebe maji peke yake, beba na njia ya kuyapata.

Fanya hesabu mbele ya kuondoka

Mtu mzima katika joto la safari anahitaji lita 2 mpaka 3 za kunywa kwa siku. Watu watano, hata kama watatu ni watoto, watakunywa karibu lita 10 mpaka 12. Ongeza maji ya kunawa mikono na kuosha vikombe. Basi bidoni moja ya lita 20 ni maji ya siku moja na kidogo. Ikiwa safari ni ya siku 4, ungehitaji bidoni 3 au 4. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Nani atabeba kilo 80, na watoto mgongoni?

Na safari zetu unazijua. Treni ya siku mbili inaweza kufanya siku tano. Kamyo linazama katika matope ya mvua. Mashua inangojea upepo. Mtu anayehesabu maji kwa saa zilizoandikwa kwenye tikiti amejidanganya.

Sasa angalia upande mwingine. Kuna vidonge vya klorini vilivyotengenezwa kimoja kwa lita 20. Ukiwa na vidonge 10 kama hivyo, unabeba maji safi ya lita 200, na vinaingia katika mfuko wa shati. Ndiyo hesabu ya mama mchuuzi.

Adui tunayemkimbia

Maji machafu yanaleta magonjwa mengi: kuhara damu, amiba, homa ya tumbo ambayo ni tifoidi, ugonjwa wa ini, minyoo. Lakini mkubwa wao katika nchi yetu ni kolera.

Kolera iliingia Kongo katika miaka ya 1970 na haikutoka. Kwake hasa ni penye maziwa na mito mikubwa: kando ya ziwa Tanganyika, yaani Kalemie na vijiji vyake, maziwa ya Upemba, upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, ziwa Moero, yaani Pweto na Kilwa, na maziwa ya Kivu. Angalia vizuri majina hayo. Si ndizo njia zetu za likizo?

Mwaka wa 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma kwa mamia ya maelfu na maji safi hayakuwepo, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi, miji ya wafanyakazi kama sisi. Mwaka wa 2017 nchi yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000, na waliokufa walipita 1,100.

Kolera hukaa ndani ya mwili toka saa chache mpaka siku 5 mbele ya kujionyesha. Kwa hiyo maji uliyokunywa kituoni yanaweza kukuangusha ukiwa tayari kijijini, au ukiwa umerudi kambini kwenye robine moja na choo kimoja na majirani zako. Safari mbaya ya jamaa moja inaweza kuwa matanga ya kambi nzima.

Njia nne za kupata maji safi njiani

Ya kwanza ni moto. Kuchemsha kunapita njia zote kwa kuua mikrobi. Usiondoe sufuria maji yanapoanza kutoa moshi tu. Ngoja yachemke kabisa, mapovu makubwa yapande toka chini, kisha hesabu dakika moja nzima. Huko milimani Kivu, mahali palipopita mita 2,000, acha dakika 3. Yafunike, yapoe yenyewe.

Wafanyakazi waliosoma wananiuliza: «Kwetu Katanga tuko juu, maji yanachemka mbele ya kufika digrii 100. Mikrobi watakufa kweli?» Swali zuri. Lubumbashi iko karibu mita 1,200, na maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Lakini mikrobi wa magonjwa haya huanza kufa upesi maji yakipita digrii 70. Digrii 96 inatosha kabisa.

Ya pili ni dawa. Vidonge vya klorini vinapatikana katika famasi. Soma karatasi yake, maana vingine ni vya lita 1, vingine vya lita 5, vingine vya lita 20. Ukitia cha lita 20 katika lita 1, maji yatakuwa makali; ukitia cha lita 1 katika lita 20, umefanya kazi bure. Kisha ngoja dakika 30. Dakika 30 si dakika 5! Mikrobi hawafi kwa kuona kidonge tu.

Kama vidonge hakuna, javeli inasaidia, ile isiyo na harufu ya maua wala rangi. Ikiwa imeandikwa kwamba ina klorini 5 au 6 kwa mia, tia matone 2 katika lita 1 ya maji meupe, matone 4 kama maji si meupe sana. Koroga, ngoja dakika 30. Harufu kidogo ya javeli ni alama nzuri. Kama javeli haikuandikwa nguvu yake, usiitumie kwa maji ya kunywa.

Ya tatu ni jua. Njia hii haihitaji franka hata moja. Chukua chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizopita lita 2, safi, bila karatasi pembeni. Zijaze maji meupe, zifunge, zilaze juu ya bati au jiwe penye jua kali. Jua likiwaka, acha saa 6. Mawingu yakifunika mbingu, acha siku 2. Mvua ikinyesha siku nzima, njia hii haifanyi kazi. Kujua kama maji ni meupe vya kutosha, simamisha chupa juu ya gazeti hili. Ukitazama kutoka mdomoni mwa chupa na ukasoma maandishi chini yake, ni mazuri. Usipoyasoma, uyachuje kwanza.

Ya nne ni kitambaa, na hii ni msaidizi tu wa zile tatu. Maji ya matope yaache yatulie, kisha yapitishe ndani ya kitambaa safi kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kitambaa cha zamani kilichofuliwa mara nyingi kinapita kipya, sababu nyuzi zake zimejaa na matundu yamekuwa madogo. Katika vijiji vya Bangladesh wanawake walichuja maji kwa nguo zao za zamani kwa namna hii, na uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kolera ilipungua karibu nusu. Nusu si kitu kidogo. Lakini nusu iliyobaki inaua vilevile. Kwa hiyo chuja, kisha chemsha au tia dawa.

Mambo yanayodanganya macho

Barafu. Baridi haiui mikrobi, inawalaza usingizi tu. Barafu ya maji machafu ni maji machafu magumu. Ndiyo iliyonishinda mimi.

Maji meupe. Mikrobi huwezi kuwaona kwa macho. Maji ya mto Lualaba ni ya matope na yale ya ziwa Tanganyika yanang'aa sawa na kioo, lakini ukiyanywa bila kuyasafisha, yote mawili yanaweza kukupa kolera.

Chupa na vifuko vya dukani. Shika kifuniko: lazima kikatike mkononi mwako mara ya kwanza. Kama kinazunguka tu, kuna mtu aliyekijaza tena robineni au mtoni. Kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo kwa mkono si maji ya kiwanda.

Pombe. Wengine wanasema: «Mimi sinywi maji, nakunywa bia.» Bia iliyofungwa ya kiwanda haina kolera, lakini haiondoi kiu ya mwili, inakukojolesha na kukukausha zaidi. Pombe kali kidogo ukiichanganya na maji machafu haiyasafishi. Na munkoyo? Uji wake hupikwa, sawa, lakini muulize mama anayeuza: maji aliyoongeza baadaye ameyatoa wapi?

Chai, ndiyo. Chai iliyochemka na kumiminwa mbele yako ikiwa moto ni rafiki mzuri wa msafiri.

Sisi watu wa mgodi tuna hatari zaidi

Hapa nisikie vizuri, ndugu mfanyakazi.

Moto na klorini huua vitu vyenye uhai. Haviondoi asidi, shaba, kobalti wala mafuta. Maji yanayopompwa kutoka chini ya mgodi, au ya kijito kinachopita karibu na mabaki ya kiwanda, usiyanywe hata kama umeyachemsha saa nzima. Ukichemsha sana, maji yanapungua na chuma kinabaki, ndiyo kusema kinazidi ukali. Maji ya namna hiyo hayana dawa ya nyumbani. Tafuta chemchemi nyingine au kisima kingine, nawe mfundishe na mtoto.

Jambo la pili ni bidoni zenyewe. Bidoni iliyotia asidi, mazutu, au dawa za kiwanda isiingie nyumbani kamwe. Najua ni nguvu na nzuri, tena inapatikana bila kulipa. Najua umeiosha mara saba kwa sabuni na mchanga. Plastiki hunywa dawa hizo na kuzirudisha polepole ndani ya maji ya watoto wako. Bidoni ya maji ya kunywa iwe ile iliyotia mafuta ya kula, au mpya kutoka sokoni. Iwe na mdomo mwembamba na kifuniko. Maji yamiminwe; mtu asichovye kikombe wala mkono. Maji yaliyochemshwa vizuri huharibiwa mara nyingi na kikombe kimoja.

Ukifika ukweni

Sasa kuna jambo gumu ambalo kitabu cha mganga hakiliandiki. Umefika kijijini. Mama mkwe anapiga magoti na kikombe cha maji ya mtungi mikononi. Watu wote wanaangalia. Utasema nini? Utasema: «Mimi natoka mjini, maji yenu ni machafu»? Umewatukana wazee, na bibi yako atalia usiku.

Njia iko. Mtume mbele bibi yako au shemeji, aseme kwamba baba ana tumbo la safari, mganga amemwamuru kunywa chai tu siku hizi. Hakuna mkwe anayekataa kupika chai. Pokea kikombe kwa mikono miwili, shukuru, kishike. Kesho yake, wakati wa zawadi, pamoja na kitenge na sabuni, toa pakiti ya vidonge vya maji. Sema: «Mama, hii ni zawadi ya mtungi.» Mwonyeshe namna ya kutia na kungojea nusu saa. Tangu siku hiyo mtakunywa wote mtungi mmoja, wewe na wazee na watoto wa kijiji. Maji uliyoyasafisha kwa ajili yako peke yako yanakuokoa wewe; yale ya mtungi wa nyumba yanaokoa na yule mtoto wa shangazi anayecheza na wa kwako.

Na mama mwenye mtoto mchanga: mpaka miezi 6 mtoto haitaji tone la maji, hata katika joto. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji, nayo hayana kolera. Wewe ndiye unayepashwa kunywa sana kusudi maziwa yasipungue.

Mtu akianza kuhara njiani

Kuhara hakuui kwa uchafu wake, kunaua kwa kukausha mwili. Maji yanayotoka yanapashwa kurudishwa upesi, pamoja na chumvi.

Weka katika sanduku pakiti 4 au 5 za SRO, ile chumvi na sukari ya kuhara. Pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, si kwa kikombe. Kama hazipo, fanya kama mimi na mama mchuuzi: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visipande mlima. Onja: yasipite machozi kwa chumvi. Yanywewe siku hiyohiyo, kesho ufanye mengine.

Mtoto mdogo mpe kwa kijiko, polepole, kila anapohara na katikati yake. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula. Vidonge vya kufunga tumbo usimpe mtoto. Zinki inasaidia, utapewa dispansari.

Usidharau maji haya ya sukari na chumvi. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa kambi za India na kolera ikawaangukia. Huko Bongaon mganga Dilip Mahalanabis aliona maji ya sindano yanamwishia. Akachanganya sukari na chumvi katika maji, akawapa jamaa za wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Waliokuwa wakifa karibu 30 kwa mia wakashuka chini ya 4 kwa mia. Alifanya hivyo kwa sababu dawa kubwa ilikwisha, sawa na bidoni yako inavyokwisha njiani.

Lakini usingojee, kimbia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ukiona moja ya alama hizi: mavi yanatoka kama maji ya mchele, kuna damu, macho yameingia ndani, mtoto analia bila machozi au hakojoi, ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole inakawia kurudi, mgonjwa analegea au hawezi kunywa. Kolera inaweza kumaliza mtu mzima mwenye nguvu katika saa chache. Shuka kwenye kituo hicho hata kama tikiti yako inakwenda mbali. Tikiti nyingine itapatikana. Njiani endelea kumnywesha.

Na ukirudi kazini na tumbo bado linaenda, usijifiche kwa kuogopa kukatwa siku. Njoo dispansari mbele ya kuingia katika timu yako. Chini ya mgodi mnashirikiana chupa na mikono.

Mbele ya kufunga sanduku

Hakuna mtu wa mgodi anayeshuka chini bila kuangalia taa yake. Haulizi kama leo taa itazimika. Anaiangalia sababu anajua giza liko. Fanya hivyo na maji. Chukua kalamu, mama asome, baba atie alama:

Bidoni moja ya maji yaliyochemshwa, yenye mdomo mwembamba, isiyotoka kiwandani.
Bidoni ya pili, tupu, ya kujaza njiani na kutia dawa.
Vidonge vya klorini, hesabu ya siku zote na siku tatu za kuchelewa.
Kitambaa safi cha kuchuja.
Chupa 2 au 3 za plastiki kwa ajili ya jua.
Kikombe kimoja kwa kila mtu.
Kipande cha sabuni. Kikikosa, majivu ya kunawa mikono.
Pakiti za SRO, na sukari na chumvi pembeni.

Vyote hivi havijazi hata pembe ya sanduku.

Mwaka huu, ndugu, ukiona katika treni mtoto anayelia kiu na baba anayenyoosha franka kwa maji ya barafu, mwite. Fungua fundo la kitenge kama mama yule alivyonifungulia mimi. Umpe kidonge kimoja, umwonyeshe saa.

Tunawatakia safari njema. Mrudi wote, kwa hesabu ileile mliyoondoka nayo.